Wali Wameiva

Sijaona Mkumba wa kijiji cha Nyamitutu, nyuma ya Bungu, aliandikwa gaidi. Aliyemwandika ni Mudathiri, mtendaji wa kijiji, mchana wa Jumatatu, mezani kwake, akiwa na akili zake zote. Hakuwa amemkuta na silaha. Hakuwa amemsikia akisema jambo baya, wala hakuna mtu aliyekwenda kumshtaki. Alimwandika, akapiga muhuri, akaenda kula. Neno lile halijafutwa mpaka leo. Anachotaka Sijaona si kingi: lifutwe, na lifutwe mbele ya watu, ili wazazi warudi kumpelekea mabinti zao. Sijaona ni kungwi, na kungwi asiyepelekewa wali ni mwanamke tu mwenye sauti kubwa.

Wazazi wake walishuka kutoka milima ya Umatumbi wakitafuta shamba lisilo na mawe. Walilipata, wakapanda mikorosho, wakazaa. Shule ilikuwapo, ila ilikuwa ng'ambo ya bonde, na baba yake alikuwa mtu asiyependa kuvuka bonde bila sababu. Kwa hiyo Sijaona hajui a wala be. Anachojua ni nyimbo za unyago, mia moja na kumi na mbili, kwa mpangilio wake. Ukiruka mmoja anakurudisha mwanzo. Alizipokea kwa bibi yake, ambaye naye alikuwa hajui a wala be na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Aliolewa na Twalibu. Huyo alikwenda Mbuchi kukata boriti za mikoko kwa wiki mbili, na huu sasa ni mwaka wa kumi na tisa. Kule ana mke na mtumbwi. Alimwachia Sijaona binti mmoja, Yasmini, aliyesoma mpaka kidato cha nne, na ndiye macho ya mama yake katika kila jambo lenye herufi.

Kazi ya kungwi, kwa asiyeijua, ni hii. Binti akivunja ungo huwekwa ndani. Anaitwa mwali, na wakiwa wengi wanaitwa wali. Hatoki, haonekani na wanaume, hasemi ovyo. Kungwi anakaa naye, anamfunda. Akiiva, anatolewa nje siku ya ngoma, amepakwa mafuta, amefungwa kanga mpya, na kijiji kizima kinamwona kama kwamba hakijawahi kumwona. Kinachofundwa ndani hakisemwi. Hakisemwi kwa mwanamume, na hakisemwi hata kwa mwanamke ambaye hajachezwa unyago, awe na wajukuu kumi. Sharti hilo Sijaona hakulitunga. Alilikuta.

Mwaka ule mambo yalipoharibika Kibiti, Sijaona alikuwa na wali watatu ndani. Mkubwa alikuwa Sharifa, wa kati Somoe, mdogo Johari binti wa Zabibu. Nje kulikuwa kubaya. Wenyeviti wa vijiji walikuwa wanapigwa risasi milangoni mwao na watu wasiojulikana, na watu wengine walikuwa wanapotea wasijulikane waliko. Pikipiki zilikatazwa jioni. Ndipo lile neno gaidi lilipoingia vijijini. Zamani lilikuwa neno la redioni, la nchi za watu. Mwaka ule lilihamia Bungu, likanunua chai barabarani kama abiria wengine.

Mudathiri alikuwa na hofu, na ni haki kusema alikuwa na sababu ya hofu. Mtendaji mwenzake wa jirani alikuwa ameuawa. Mudathiri leo alilala kwa shemeji yake, kesho kwa fundi cherehani, keshokutwa chini ya kitanda chake mwenyewe. Katika hali hiyo fomu ikashuka kutoka juu. Juu wapi, hakuuliza. Fomu ilitaka majina ya watu wanaoshukiwa, na pembeni ya kila jina nafasi ya sababu. Haikutakiwa kurudi tupu. Mtendaji mmoja aliyeirudisha tupu aliitwa akaeleze imekuwaje kijiji chake peke yake hakina watu wabaya.

Mudathiri alipitia kijiji chote kichwani. Huyu ana ndugu wanne wenye mapanga. Yule mtoto wake ni mwanasheria Dar es Salaam. Huyu ni mjomba wa mwenyekiti. Akafika kwa Sijaona: mume hana, kaka hana, ukoo wake uko milimani kwa mwendo wa siku nzima. Akaandika. Katika nafasi ya sababu akaandika hivi: "Anakusanya vijana kwa siri nyumbani kwake na kuwapa mafunzo yasiyojulikana."

Kila neno lilikuwa la kweli. Hapo ndipo ilipo kazi ya mtu aliyesoma.

Na siku tatu tu kabla, juu ya meza ileile, Mudathiri alikuwa amemwandikia Sijaona kibali cha ngoma ya kuwatoa wali. Kwa kuwa aliona haya kuandika unyago katika karatasi ya serikali, aliandika "sherehe ya kifamilia."

Ijumaa Sijaona alimwambia Yasmini amtumie ujumbe Zabibu, mama wa Johari, ajiandae. Yasmini aliandika kama alivyoambiwa: "Wali wameiva. Nawatoa Jumamosi. Njoo na nguo."

Jumamosi asubuhi, wanawake wakiwa uani wanatwanga, gari likaja. Wanaume sita wakaingia ndani mpaka chumba cha wali. Walikuta wasichana watatu gizani, wamejifunika kanga gubigubi, wameinamisha vichwa. Wakawauliza majina. Kimya. Wakawauliza wamewekwa na nani. Kimya. Mwali hasemi na mwanamume, na hawa walikuwa wamefundwa vizuri. Sijaona aliona fahari na hofu kwa wakati mmoja.

"Hawa wamekula kiapo," mmoja akawaambia wenzake.

Wasichana wakatolewa nje, jua kali, vichwa wazi, nguo za ndani ya nyumba, mbele ya wanaume wa gari na wanaume wa kijiji waliokuja kuona gari. Hakuna ngoma, hakuna vigelegele. Walionekana. Mwali akishaonekana kabla ya kutolewa, kazi yote imemwagika. Zabibu alifika na kanga mpya kichwani akamkuta mwanawe amesimama pale kama aliyeibiwa nguo mtoni. Aliweka zile kanga chini. Hakulia. Alimtazama Sijaona anapandishwa garini, akamwambia, "Mwenzangu, umenifanyia nini?"

Ofisi aliyopelekwa haikuwa na kibao mlangoni. Afisa aliyemhoji alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Jina?"

"Sijaona."

"Nimekuuliza jina, mama. Ulichoona tutakifikia."

"Ndilo jina, mwanangu. Mama yangu alikuwa ameshazika watatu kabla yangu."

"Kazi?"

"Kungwi."

Afisa akaandika mkulima. Kisha akafungua simu ya Zabibu, maana nayo ilikuwa imechukuliwa, akasoma ule ujumbe polepole, kama anayesoma hukumu.

"Maneno haya ni yako?"

"Yangu. Kaandika mwanangu."

"Mama, mimi Kiswahili nimekisoma mpaka chuo. Wali wa kula hauwezi kuwa 'wameiva.' Wali umeiva. Ukisema 'wameiva' unazungumzia watu."

"Ndiyo. Watu."

Afisa alikuwa amejiandaa kwa mtu wa kukana. Alikaa vizuri.

"Watu walioiva kwa mafunzo."

"Eeh. Miezi miwili na siku kadhaa. Yule mdogo alikuwa mzito kidogo."

"Ukawa unawatoa Jumamosi waende wapi?"

"Nje."

"Nje ya nchi?"

"Nje ya nyumba."

"Na nguo? Umesema njoo na nguo."

"Kanga mpya, za kufanana wote watatu. Mwali hatolewi na nguo ya juzi."

Akaandika sare.

Sijaona akakumbuka kibali, akakitoa katika pindo la kanga. Afisa akakisoma pande zote mbili, ingawa upande wa pili ulikuwa mtupu.

"Hapa imeandikwa sherehe ya kifamilia. Wasichana ni watatu, wa familia tatu, na hakuna hata mmoja wa familia yako. Hii ni familia gani?"

Karatasi hakuiandika Sijaona.

"Unawafundisha nini?"

"Hilo siwezi kukwambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Mwanangu, wewe umechezwa?"

"Nimechezwa nini?"

"Basi ndiyo hivyo. Hata mkeo kama hajachezwa simwambii. Usiudhike."

Hakuudhika. Aliandika kwamba mtuhumiwa amekataa kutoa ushirikiano na anaelekea kulinda mtandao. Wakarudi hapo siku ya pili, ya tatu, ya nne. Kila siku swali lilikuwa lile, na jibu lile. Sijaona alijua kabisa kwamba akisema maneno mawili matatu tu, ya jikoni tu, wala si ya chumbani, angerudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Alijua pia kwamba akirudi hivyo atakuwa amerudi mtu mwingine, asiyekuwa na kitu cha kumfunda mtoto wa mtu. Alikaa. Sakafu ilikuwa ya saruji, na mgongo wake haujasahau.

Siku ya tano akauliza yeye.

"Mwanangu, gaidi ni nani?"

"Hapa mimi ndiye ninayeuliza, mama."

"Najua. Lakini umeniandika kitu, na mimi sikijui. Ukiniambia mwizi, nitajua nimeambiwa nimechukua. Ukiniambia mchawi, nitajua nimeambiwa nimeroga. Gaidi kafanya nini?"

Afisa alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri, hilo Sijaona hamnyimi.

"Gaidi ni mtu anayetia watu hofu."

"Mimi nimemtia nani hofu?"

"Mtendaji wako."

"Mudathiri? Mudathiri anaogopa hata bata. Na gari lenu likipita kijijini kuku wanaingia ndani wenyewe. Sasa hapo gaidi ni nani?"

Afisa akafunga faili, akasema mahojiano yameahirishwa.

Siku ya nane akaja askari mwanamke wa makamo aliyeitwa Nusaiba, mtu wa pwani, kuleta maji. Faili lilikuwa wazi mezani. Akasoma juu ya bega la afisa, mara moja, akarudia. Akaweka ndoo chini.

"Afande, umekamata ngoma."

"Nimekamata nini?"

"Wali. Wanawali. Huyu bibi ni kungwi. Umekamata unyago, afande, na wali wake watatu."

"Nitajuaje?"

Nusaiba akamgeukia Sijaona, akamwamkia kama kungwi anavyoamkiwa na waliofundwa. "Shikamoo, somo."

"Marahaba."

"Hebu nianzishie mmoja. Kidogo tu, wa kuingilia."

Sijaona aliimba nusu ya ubeti, sauti ya chini. Nusaiba akaangalia ukuta, akamalizia nusu ya pili.

"Mmeimba nini?" afisa akauliza.

"Hilo siwezi kukwambia, afande," Nusaiba akasema, akachukua ndoo yake.

Saa moja baadaye Sijaona aliambiwa anaweza kwenda nyumbani. Alibaki amesimama.

"Nenda, mama. Umemaliza."

"Na lile neno?"

"Neno gani?"

"Mliloniandika."

"Sisi hatukukuandika. Wewe uliletwa umeshaandikwa. Neno lilitoka kijijini kwenu, rudi likafutwe kijijini kwenu."

Hakupewa karatasi. Watu wengi waliochukuliwa mwaka ule hawakurudi hata bila karatasi, kwa hiyo waliomwona Sijaona akishuka barabarani Bungu walimwambia ashukuru. Alishukuru. Kisha akaenda kwa Mudathiri akiwa bado na vumbi la safari.

Mudathiri alimpa kiti mwenyewe.

"Mama Yasmini, pole. Pole sana. Mungu mkubwa."

"Mkubwa. Futa."

"Nifute nini?"

"Gaidi."

"Ah, mama, mimi nilijaza fomu tu."

"Basi jaza nyingine, useme ile ya kwanza haikuwa kweli."

Mudathiri alifungua droo akaonyesha mafungu ya karatasi, kwa huruma ya kweli, kama mwenye duka aliyeishiwa chumvi. "Hakuna fomu ya kufuta, mama. Ipo ya kuandika tu. Na nakala zimekwenda wilayani, zimekwenda mkoani, huko kwingine hata mimi sijui. Nikifuta hii ya hapa, zile nyingine zitasemaje? Wataona kijiji kinajichanganya."

"Dada yako Mwanahalima nani alimfunda?"

Mudathiri akafunga droo.

"Nakuuliza. Alikaa chumba kilekile. Wewe mwenyewe ulikuwa unamletea uji mpaka mlangoni, unagonga, unakimbia."

"Nitaliangalia hilo jambo, mama," akasema.

Ameliangalia miaka yote hii.

Ubaya wa neno lile ni kwamba halikukaa ofisini. Fomu ilisomwa katika mkutano wa kijiji, majina na sababu, ili watu wajihadhari. Waliotoka mkutanoni walijua kabisa kungwi ni nini, na wanawake karibu wote walikuwa wamepita mikononi mwake. Hakuna aliyeamini. Lakini kuamini ni kitu kimoja na kumpeleka mtoto ni kitu kingine. Mzazi alikuwa anafikiri hivi: mimi najua ni uongo, ila gari likija tena halitakuja kuniuliza mimi.

Kisimani wakaanza utani. Sijaona akiinama kuteka maji, mmoja anasema, "Rudini nyuma jamani, somo asije akalipuka!" Wote wanacheka, naye anacheka, maana asipocheka watasema kweli ana jambo. Mtoto akikataa kulala anaambiwa ataitiwa Bi Sijaona. Wakamtungia jina la Somo Bomu. Ukiliuliza leo Nyamitutu utaonyeshwa nyumba.

Mabinti wakaanza kupelekwa Bungu kwa Nasma, ambaye Sijaona mwenyewe alimfunda, na ambaye hakuwahi kuzipata nyimbo zote. Nasma anafunda siku mbili, Jumamosi na Jumapili, nyimbo zinatoka kwenye spika ya simu, na mwali anapigwa picha. Sijaona hakumsema vibaya. Alisema tu kwamba siku mbili zinatosha kumfundisha mtu kuwasha jiko, na kwamba siku hizi majiko ni mengi.

Lililomkaa zaidi ni Johari. Sharifa na Somoe walihamishwa na wazazi wao kwenda Temeke, na mjini hakuna anayeuliza. Johari alibaki. Hakutolewa. Hakukuwa na ngoma, na mama yake hakutaka tena kusikia ya ngoma. Aliolewa akaitwa mke, akazaa akaitwa mama, lakini wanawake wakiingia ndani kwenye ngoma ya mtu mwingine, Johari anabaki uani na watoto na vyombo. Hakuna anayemfukuza. Anajua tu. Na Zabibu akikutana na Sijaona njiani, anasalimia ardhi.

Mwaka huu, mwezi wa tano, kukawa na semina Kibiti mjini. Shirika moja lilitaka kina mama wa vijiji wafundishwe kuhusu ulinzi na amani, na kila kijiji kitoe wawili. Nyamitutu hakuna aliyetaka kwenda kukaa siku nzima akisikiliza neno lile. Wakamtuma Sijaona na jirani yake mmoja. Mwenyekiti alisema yeye ana uzoefu.

Mtoa mada alikuwa daktari kutoka Dar es Salaam, daktari wa vitabu, si wa sindano. Alizungumza vizuri, bila kukemea mtu. Alisema ugaidi ni tishio kubwa la usalama katika siasa za dunia ya leo. Mataifa yanatunga sheria kwa ajili yake, yanapigana vita kwa ajili yake, yanafunga mipaka. Kisha akavua miwani.

"Lakini niwe mkweli kwenu, mama zangu. Dunia mpaka leo haijakubaliana gaidi ni nani. Umoja wa Mataifa wamelijadili miaka na miaka, wanasheria, mabalozi, maprofesa. Hawajafika. Serikali moja inamfunga mtu kwa neno hilo, jirani yake inamjengea mnara. Hapo tu milimani kwenu, Mjerumani aliwaita wazee wa Umatumbi wahalifu, akawanyonga. Leo tunawaita mashujaa, na mnara wanao."

Sijaona alihesabu. Wazee wake walikaa miaka mingapi wakingoja kufutwa? Zaidi ya hamsini, na mpaka Mjerumani aondoke, na aliyemfuata naye aondoke. Yeye hakuwa na umri wa kungoja kiasi hicho. Akanyoosha mkono. Kwenye meza ya mbele, pamoja na wageni waalikwa, alikuwa ameketi Mudathiri, sasa mtendaji wa kata, amenenepa, ana shati la kitenge.

"Daktari, samahani. Mimi sikusoma. Umesema dunia nzima imekaa imeshindwa kujua gaidi ni nani?"

"Kwa maana moja iliyokubalika, ndiyo, mama."

"Wote hao wenye vyeti?"

"Wote."

"Basi mbona Mudathiri alijua kwa mchana mmoja?"

Kina mama wakaangua kicheko kabla hawajajua wanacheka nini. Wa Nyamitutu na Bungu walijua. Daktari alitazama huku na huku, akaomba aelezwe, akaelezwa na watu kumi kwa pamoja. Alipoelewa hakucheka. Alisema, kwa upole, kwamba pamoja na kutokubaliana, wataalamu wengi wana mambo matatu wanayoyatazama.

"Taja," Sijaona akasema, "nijipime."

"La kwanza, atumie nguvu, au atishie kuitumia, dhidi ya raia wasio na silaha."

"Nimewahi kumfinya mwali aliyelala wimboni. Zaidi ya hapo sina."

"La pili, lengo lake liwe kutia hofu watu wengi zaidi ya wale aliowadhuru."

"Mimi nilikuwa nataka waje kwenye ngoma. Mtu unayetaka aje hutaki aogope."

"La tatu, awe na shabaha ya kisiasa. Anataka kuilazimisha serikali ifanye jambo fulani."

Sijaona alifikiri hapo kidogo. "Wakati ule sikuitaka serikali jambo lolote. Sasa hivi nalitaka moja."

Ukumbi ukalipuka tena. Daktari akavaa miwani yake. "Kwa vigezo hivyo, mama, wewe si gaidi na hukuwahi kuwa."

"Ahsante. Niandikie hivyohivyo."

"Mimi ni mtafiti tu, mama. Sina mamlaka ya kumwandikia mtu."

"Najua. Mwenye mamlaka umekaa naye."

Watu wakamgeukia Mudathiri. Alipewa kipaza sauti, ingawa hakukiomba.

"Mama Yasmini," akaanza, "wakati ule ulikuwa mgumu. Sisi watendaji tulikuwa tunauawa. Mimi mtoto wangu alikuwa na miezi minne. Nilikuwa naogopa juu, naogopa chini. Tusisahau hilo."

"Sijasahau. Hata mimi nilikuwa naishi hapohapo, Mudathiri. Risasi hazikuwa zinauliza cheo. Nakuuliza kitu kimoja tu. Ulipoandika 'mafunzo yasiyojulikana,' ulikuwa hujui?"

Mudathiri alitazama kipaza sauti kama kimemuuliza chenyewe.

"Nilijua," akasema. Kwa kuwa kile kipaza sauti kilikuwa kizuri, ukumbi mzima ulisikia, na wapishi kule nyuma wakasikia. "Nilijua ni unyago. Fomu ilikuwa inataka jina. Nikaona wewe huna mtu."

Hakuna aliyecheka. Yule daktari aliandika kitu katika daftari lake. Zabibu hakuwapo, na Sijaona alisikitika kwamba hakuwapo, maana hilo moja lilikuwa lake kulisikia.

"Basi liandike," Sijaona akasema. "Hilo ulilolisema sasa. Usiongeze."

"Nitaliandika, mama. Wiki hii. Mbele ya hawa wote nasema."

Wakapewa chakula, pilau na soda, wakapigwa picha ya pamoja. Katika picha hiyo Sijaona yuko mstari wa mbele kabisa, nyuma yake bango lenye lile neno kwa herufi kubwa, na Yasmini amemwomba asiitundike sebuleni.

Wiki ile ilipita. Sijaona alikwenda ofisi ya kata mara tatu. Mara ya kwanza muhuri ulikuwa umekwenda Kibiti. Mara ya pili Mudathiri alikuwa kwenye kikao. Mara ya tatu alikuwapo, akasema amekwisha andika, ila wakubwa wamemshauri asubiri, kwa sababu mtumishi akikiri kwa maandishi kwamba alijaza fomu ya usalama kwa uongo, huenda na yeye akatafutiwa neno. Akaliona hilo ni jambo la kuogopesha sana. Sijaona alimwambia analijua.

Kwa hiyo hesabu iko hivi, na haina shilingi ndani yake. Dunia inadaiwa maana ya neno, lakini Sijaona hajaiomba dunia kitu na hana haja ya kuingoja. Yule afisa wa kalamu mbili alikosea kwa kutojua, na kwa sarufi alikuwa sahihi. Anayedaiwa ni Mudathiri. Anadaiwa na Sijaona mstari mmoja wenye muhuri, usomwe kwenye mkutano wa kijiji cha Nyamitutu kwa sauti ileile uliyosomewa ule wa kwanza. Na anadaiwa na Sharifa, Somoe na Johari Jumamosi yao, ambayo mtendaji mwenyewe aliitolea kibali.